Bunduki na Maziwa: Mhadhara Juu ya Vita vya Biafra na Dhamiri ya Watoa Silaha



Jambo nililotakiwa kulisemea jioni hii ni la watawala walio na silaha za kutoa na chakula cha kutoa, na ambao hutoa vyote viwili, pengine katika mwezi mmoja na kwa nchi moja: bunduki kwa serikali iliyo vitani, na maziwa ya unga kwa watoto waliofikwa na vita hivyo. Wenyewe husema kwamba wanapima haki mbili, haki ya urafiki wa dola na haki ya utu, na kwamba kupima huko ndiko kazi nzito ya siasa, ambayo sisi tulio nje ya mabaraza hatuujui uzito wake. Sina nia ya kuwadhihaki. Lakini maneno ya jumla katika shauri hili humpa kila mtawala mahali pa kujificha, kwa sababu hakuna asemaye kuwa haipendi amani wala asemaye kuwa hawahurumii wenye njaa. Kwa hiyo nimeona heri niwaeleze habari za vita vya nchi moja, ambavyo wakubwa wake wanajulikana, maneno yaliyosemwa juu yake yaliandikwa, na mwisho wake umekwisha onekana. Ni vita vya Nigeria na Biafra, vilivyoanza tarehe 6 Julai 1967 na kumalizika tarehe 15 Januari 1970. Mtanzania ana sababu yake mwenyewe ya kuvikumbuka, nami nitaifikia kwa zamu yake.

Asili ya vita hivyo nitaipitia mbio. Nigeria ilipata uhuru tarehe 1 Oktoba 1960 ikiwa shirikisho la majimbo yasiyoaminiana. Mwezi wa Januari 1966 baadhi ya maofisa wa jeshi waliipindua serikali na kuwaua wakubwa, miongoni mwao Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa na Sardauna wa Sokoto, Ahmadu Bello. Mwezi wa Julai wanajeshi wa kaskazini wakalipa kisasi, na Yakubu Gowon akashika hatamu. Na kabla ya mwaka kwisha maelfu ya Waigbo waliokuwa wakikaa kaskazini, makarani wa reli, wachuuzi na mafundi, pamoja na wake zao na watoto wao, waliuawa mitaani na majumbani, na waliosalimika wakakimbilia kwao mashariki kwa halaiki kubwa. Mapatano yalitafutwa Aburi, katika nchi ya Ghana, Januari 1967, yakapatikana kwa karatasi, na kila upande ukayafasiri ulivyopenda. Tarehe 30 Mei mwaka huo Odumegwu Ojukwu, mtawala wa kijeshi wa jimbo la mashariki, akatangaza kwamba jimbo lake limekuwa dola, na jina lake ni Biafra.

Serikali ya Uingereza wakati ule ilikuwa ya chama cha Labour, na Waziri Mkuu wake alikuwa Harold Wilson, mtu aliyelelewa katika madhehebu ya Kikristo na katika siasa ya kuwatetea wanyonge. Mwanzoni alisitasita, maana haikuwa yakini nani atashinda, na mafuta ya petroli, ambayo kampuni ya Shell-BP ilikuwa ikiyachimba kwa wingi katika nchi iliyojitenga, yalikuwa yamepanda thamani mara mbili: kwanza kwa sababu ya mafuta yenyewe, na pili kwa sababu vita vya Mashariki ya Kati vya Juni 1967 vilikuwa vimeufunga Mfereji wa Suez, na mafuta ya Nigeria hayakuhitaji kupita huko. Kampuni hiyo ilikuwa hata tayari kumlipa Ojukwu pauni 250,000 ili kutuliza madai yake ya ushuru. Kisha, kabla Julai haijaisha, majeshi ya Gowon yakaitwaa Bonny, penye gati ya mafuta, na kusitasita kwa London kukaisha.

Hapo ndipo Wilson alipoitumia njia ya kwanza ya kupima, njia ambayo watawala wengi wameifuata tangu siku zile: aliigawa silaha katika iliyo halali na iliyo haramu. Bunduki, risasi na magari ya deraya ziliitwa silaha za desturi, ambazo Mwingereza alikuwa akiwauzia Wanigeria tangu alipoondoka madarakani. Ndege za vita na mabomu, alikataa kuyatoa. Kwa nadharia mgawanyo huu ulikuwa na insafu, kwa kuwa ndege ndiyo iangushayo mauti sokoni na hospitalini pasipo kuchagua. Kwa vitendo, Gowon aligeuza uso wake akatazama upande mwingine, na mwezi wa Agosti 1967 ndege za MiG-17 za Kirusi zilikuwa zimekwisha shuka Kano, zikaendeshwa na marubani wa Kimisri. Nawaomba mtulie kidogo hapa, kwa maana jambo hili ni la ajabu zaidi ya lilivyosimuliwa. Mwingereza alikataa ndege kwa ajili ya utu. Kukataa kwake kukamleta Mrusi. Na kuja kwa Mrusi kukawa hoja kubwa ya Mwingereza ya kutokataa tena kitu kingine chochote, kwa kuwa, alisema, akiacha na bunduki pia, Lagos, mji mkuu wa Nigeria siku zile, yote itakuwa ya Moscow. Kizuizi kile kimoja, ambacho bila shaka kiliwekwa kwa nia njema, kiliwatosha mawaziri kwa muda wote wa vita: kila walipoulizwa habari za mabomu, walijibu kwa kweli kabisa kwamba mabomu si yao.

Sasa nije kwenye njaa. Nchi ya Waigbo ina mihogo na viazi vikuu kwa wingi, lakini nyama ilikuwa ikitoka kaskazini, na samaki mkavu, ambaye katika vyakula vya huko ni kitu kikubwa, alikuwa akitoka Norway kwa meli. Kaskazini kulikwisha fungwa na vita, na meli zilikwisha zuiwa na manowari za Gowon tangu mwanzo. Na Port Harcourt ulipotekwa, Mei 1968, Biafra ikabaki kipande cha nchi kisicho na bahari, kimejaa wakimbizi, kinakula wanga na hakina cha kutia juu yake. Ugonjwa wa unyafuzi, ambao huvimbisha tumbo la mtoto na kuzibadili nywele zake rangi, haukawii kuja katika hali hiyo. Mwezi wa Juni picha za watoto hao zikafika katika magazeti na televisheni za London, na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida wa Ulaya akaiona njaa ya Kiafrika akiwa amekaa sebuleni mwake. Waliokufa kabla ya vita kwisha hawakuhesabiwa. Makadirio ya wachunguzi huanzia nusu milioni na kupita milioni mbili, na wote huafikiana kwamba waliouawa na njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Serikali ya Wilson ilijibu kwa kutoa pauni 250,000 za msaada, kiasi kile kile, kwa sadfa tu, ambacho kampuni ya mafuta ilikuwa tayari kumpa Ojukwu mwaka uliotangulia. Na ikamtuma Lord Hunt, yule aliyeongoza msafara ulioufikia upeo wa mlima Everest mwaka 1953, akaangalie njia za kupitishia chakula. Ojukwu alijibu kwamba hataupokea mkono wa sadaka wa Uingereza maadamu mkono wake mwingine unampa silaha adui yake. Jibu hilo lilikuwa la fahari, na waliolilipia hawakuwa wakubwa wa Biafra; lakini si haki kusema kwamba halikuwa na maana.

Katika Bunge la Uingereza mwenye kuitetea siasa hiyo alikuwa Michael Stewart, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na hoja zake zastahili kusikilizwa kwa adabu, kwa kuwa hazikuwa za mjinga wala za katili. Alisema, kwanza, kwamba serikali ambayo imekuwa ikinunua silaha kwako miaka yote, kisha ukaikatia siku inapoasiwa, hukukaa katikati, bali umewapa nusura waasi. Na nchi nyingi za Afrika, ambazo kila moja ina jimbo lake linaloweza kujitenga, zingaliuona ukatizi huo kuwa ni njama. Ya pili ilikuwa ile ya Mrusi. Ya tatu, ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha shauri lote, ni kwamba muuzaji husikilizwa: kwa kuwa Uingereza inaendelea kutoa, inaweza kumshauri Gowon, kumzuia asizidishe, na kumfungulia njia mwenye njaa; ikiacha, itakuwa mtazamaji tu.

Tena Stewart alijiwekea mpaka. Tarehe 12 Juni 1968 aliliambia Bunge, kwa maana ya maneno yake, kwamba ikithibiti kuwa serikali ya Nigeria haitaki umoja tu, bali inakusudia kuendelea bila huruma na kuwachinja Waigbo au kuwashindisha kwa njaa, basi hoja zote za kutoa silaha zitaanguka. Mpaka huu ulikuwa wa heshima, na ndani yake mlikuwa na mambo mawili, kuchinja na njaa. Baada ya miezi michache Lagos iliwaalika watazamaji wa kigeni, kutoka Uingereza, Kanada, Sweden na Poland, pamoja na wa Umoja wa Mataifa na wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakatembea nyuma ya majeshi ya Gowon na kuripoti kwamba hawakuona dalili ya kuangamizwa kwa kabila. Yamkini waliyoyaona yalikuwa kweli. Lakini walitembea upande wa serikali tu. Na njaa ilikuwa upande wa pili. Tangu hapo, kila swali lililohusu njaa lilijibiwa kwa ripoti iliyohusu kuchinja, na sehemu moja ya mpaka wa waziri ikafutika bila mtu kuifuta. Lagos nako walikuwako wakubwa waliosema hadharani kwamba kuzuia chakula ni silaha ya vita kama silaha nyingine. Na hayo hayakuhesabiwa kuwa ni ithibati.

Je, ule usikivu wa mnunuzi ulileta nini? Insafu inanilazimu niseme kwamba ulileta kitu. Kuja kwenyewe kwa wale watazamaji ni katika mambo ambayo London iliyapendelea. Amri za nidhamu alizowapa Gowon askari wake zilikuwa nzuri kuliko za majemadari wengi. Na Wilson alikwenda Nigeria mwenyewe, Machi 1969, akazungumza naye. Lakini katika lile jambo moja ambalo lingaliokoa roho kwa malaki, yaani kukipitisha chakula ndani ya Biafra kwa njia iliyo wazi na ya kutosha, shauri lilikwama kuanzia mazungumzo ya Niamey na Addis Ababa mwaka 1968 hata vita vilipokwisha. Gowon alitaka chakula kipite kwa barabara, au kwa ndege za mchana zitakazokaguliwa kwanza katika nchi yake. Ojukwu akahofu kwamba chakula kitatiwa sumu na barabara itapitisha majeshi, naye akataka ndege za usiku. Mwezi wa Septemba 1969 Msalaba Mwekundu ulipatana na Lagos juu ya ndege za mchana, na aliyekataa safari hiyo alikuwa Ojukwu. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba nawasafisha Wabiafra. Watoto wao wenye njaa walikuwa hoja yao kubwa mbele ya dunia, na wakubwa wao waliijua thamani ya hoja hiyo.

Nadhani siri ya udhaifu wa Uingereza ilikuwa wazi kwa Gowon tangu mwanzo. Mtu anayesema hadharani, mara kwa mara, kwamba hawezi kuacha kutoa kwa sababu akiacha Mrusi ataingia, amemwarifu mpokeaji wake kwamba ushauri wake hauna nguvu nyuma yake. Usikivu wa mnunuzi hutokana na hofu ya kukatiwa. Hofu ikiondoka, kinachobaki ni heshima na maongezi. Na hapa naona ndipo sadaka ilipopata kazi yake ya pili katika siasa, kazi ambayo watoaji wake hawakuitaka: ilichukua mahali pa ile nguvu isiyotumiwa. Mawaziri wasingeweza kusema kwamba wametishia kusimamisha silaha, lakini waliweza kusema wametoa pauni kadha, wametuma magari kadha, wamemtuma Lord Hunt. Na Bunge, ambalo vyama vyake vyote viwili vikubwa vilikuwa vimeafikiana juu ya silaha, ingawa wabunge wa viti vya nyuma walipiga kelele, lilirudi nyumbani na dhamiri iliyotulia kiasi.

Turukie sasa upande wa pili, tuangalie uwanja wa ndege wa Uli. Haukuwa uwanja, ulikuwa kipande cha barabara kuu kilichopanuliwa, na kila usiku taa ziliwashwa kwa dakika chache kadiri ndege inavyoshuka, kisha zikazimwa, kwa maana ndege ya Lagos ilikuwa juu ikingoja na mabomu. Ndege za makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti wakiwa wameungana, zilitoka kisiwa cha São Tomé kilichokuwa cha Wareno. Za Msalaba Mwekundu zilitoka Fernando Po. Na katika kiza kile kile, katika kipande kile kile cha lami, zilishuka ndege zenye risasi. Rubani wa maziwa na rubani wa risasi walipishana wakingojea taa. Lagos iliposema kwamba haiwezi kuzitofautisha ndege hizo usiku, haikusema uwongo. Na tarehe 5 Juni 1969 ndege yao ya vita iliiangusha ndege ya Msalaba Mwekundu, na Msalaba Mwekundu ukasimamisha safari zake. Makanisa yaliendelea. Hesabu ya safari zao zote ilipita 5,000, na hakuna kazi ya namna hiyo iliyowahi kufanywa na watu wasio na dola.

Marekani ilichagua njia yake. Ilikataa kuuuzia silaha upande wowote, ikaendelea kuitambua serikali ya Lagos, na ikatoa fedha nyingi za chakula pamoja na ndege nane kubwa za mizigo aina ya C-97, nne kwa makanisa na nne kwa Msalaba Mwekundu. Njia hiyo ilikuwa safi, na ilikuwa nyepesi, kwa sababu Uingereza ilikuwa imekwisha jitwika ile iliyo chafu.

Lakini hata sadaka hii ya usiku haikukaa mbali na vita kama wengi wetu tulivyopenda kuamini. Makanisa na mashirika, ili yaendeshe kazi ndani ya Biafra, yalihitaji fedha za huko, na fedha hizo zilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Nazo fedha za kigeni, katika nchi iliyozingirwa, ndizo zinunuazo bunduki. Kwa njia hii mchango wa mzee wa kanisa katika kijiji cha Ulaya ulisaidia kurefusha vita ambavyo ndivyo vilivyowatia njaa aliowachangia. Halafu kuna habari ya Carl Gustaf von Rosen, Mswedi, ambaye katika miaka ya 1930 aliwarushia Waethiopia ndege ya Msalaba Mwekundu walipovamiwa na Mwitalia, na mwaka 1968 akafungua njia mpya za kukifikisha chakula Biafra. Mwezi wa Mei 1969 mtu huyo huyo aliongoza vindege vidogo vya mazoezi vilivyofungwa roketi, akavishambulia viwanja vya ndege vya Nigeria, kwa hoja kwamba kumlisha mtoto leo ili auawe kesho ni kazi isiyo na akili. Simsifu wala simlaumu. Namtaja kwa sababu yeye alilikata shauri ambalo Wilson alilipaka mafuta, na kwa sababu alikufa mwaka 1977 huko Ethiopia katika kazi ya kuwapelekea watu chakula.

Wafaransa walikuwa na namna nyingine tena. Tarehe 31 Julai 1968 serikali ya Jenerali de Gaulle ilitoa tamko la kuitetea haki ya Wabiafra ya kujiamulia mambo yao, ikayataja mateso yao, ila haikuitambua dola yao. Na silaha zikapita kimya kimya kwa njia ya Gabon na Ivory Coast. Kwa Wilson huruma ilikuwa kifuniko cha silaha zilizotolewa hadharani. Kwa de Gaulle ilikuwa kifuniko cha silaha zilizotolewa kwa siri, nazo zilikuwa nyingi za kuzuia Biafra isife, na chache za kuifanya ishinde. Madaktari wa Kifaransa waliofanya kazi huko, miongoni mwao Bernard Kouchner, walirudi na hasira, na hasira yao ni katika mambo yaliyozaa, Desemba 1971, kile chama cha madaktari wasiokubali mipaka, Médecins Sans Frontières.

Na sisi je? Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Gabon, Ivory Coast na Zambia zikafuata mwezi wa Mei. Mwalimu Nyerere aliieleza sababu yake katika gazeti la The Observer la London: umoja wa dola husimama juu ya ridhaa ya watu, na dola iliyoshindwa kuwalinda watu wake wasiuawe haina haki ya kuwarudisha kwa nguvu. Hakutoa bunduki, alitoa jina. Wala haikuwa rahisi. Dar es Salaam ndiko yalikokuwa makao ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichokuwa kikipigana na Mreno. Na Mreno huyo huyo ndiye aliyewapa Wabiafra São Tomé na Lisbon, naye hakuwapa kwa mapenzi ya Waafrika. Wengi katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika walimwona Mwalimu kuwa amewavunjia safu, yeye aliyekuwa mhubiri mkuu wa umoja. Wala mazungumzo hayakusaidia: mkutano wa mwezi wa Mei uliowakutanisha wajumbe wa pande mbili za vita huko Kampala haukuzaa kitu.

Mwalimu alikuwa amekwisha onja msaada wa kijeshi wenye masharti. Mwanzoni mwa 1965 Ujerumani ya Magharibi, iliyokuwa ikitufundishia marubani, iliwaondoa wakufunzi wake kwa ghafula kwa sababu tuliwaruhusu Wajerumani wa Mashariki wafungue ofisi ya ubalozi mdogo; Mwalimu akaiambia iuchukue na msaada wake mwingine uliobaki, na kazi ya kuwafundisha wanajeshi wetu ikachukuliwa na Wakanada. Mwezi wa Desemba mwaka huo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya uasi wa walowezi wa Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni saba na nusu ukatupotea. Nakiri kwamba visa hivi viwili vinaweza kusemwa kwa faida ya Wilson: mtoaji aliyeutumia uwezo wake wa kukata, aliupoteza siku ile ile alipoutumia. Ndivyo. Lakini Tanzania ya 1965 haikuwa vitani, na ilikuwa na pa kwenda kwa gharama ndogo. Ilhali jeshi lililo katikati ya vita, lenye bunduki za Kiingereza zinazotaka risasi za Kiingereza, halibadili muuzaji kwa juma moja. Kama uko wakati ambao neno la muuzaji silaha lina uzito, ni ule, na ndio wakati ambao Wilson aliogopa kulisema. Waholanzi na Wabelgiji waliacha kuuza mwaka 1968. Vita havikuisha kwa kuacha kwao, kwa maana wao walikuwa wauzaji wadogo. Wala Lagos haikuvunja urafiki nao.

Mwisho ulipofika ulikuwa na jambo la kumtetea Wilson kwa nguvu. Ojukwu alikimbilia Ivory Coast, majemadari wake wakasalimu amri, na Gowon akatangaza kwamba hakuna mshindi wala mshindwa. Mauaji makubwa ambayo Wabiafra walikuwa wakiyatabiri, na ambayo Mwalimu aliyahofu, hayakutokea. Wapo waliosema, na wapo wasemao hata leo, kwamba kwa hiyo siasa ya London ilithibitika. Mimi nasema ilithibitika katika ile sehemu moja ambayo ripoti za watazamaji zilikuwa zimeijibu tangu 1968. Katika ile sehemu ya njaa, kisa kilikwisha hukumiwa na makaburi kabla Gowon hajafungua kinywa. Naye Gowon, kwa uchungu wake dhidi ya wale waliokuwa wakishuka Uli, aliikataa sadaka ya makanisa na ya Wafaransa hata baada ya vita, huku wenye njaa wakiwa sasa ni raia wake.

Sheria zilijifunza kitu. Mkataba wa nne wa Geneva wa 1949 ulikuwa ukimruhusu mwenye kuzingira azuie chakula cha watoto na wajawazito akihofu kwamba kitamfaa adui, na hofu hiyo, kama tulivyoona, haikosekani kamwe. Mikataba ya ziada ya mwaka 1977 ikasema wazi kwamba kuwashindisha raia kwa njaa kuwa mbinu ya vita ni haramu, katika vita vya mataifa na hata vya wenyewe kwa wenyewe. Bunge la Marekani, kuanzia 1997, lilikataza msaada kwa kikosi chochote cha jeshi la kigeni kilichothibitika kufanya maovu makubwa, na kanuni hiyo huitwa kwa jina la Seneta Patrick Leahy. Mkataba wa dunia wa biashara ya silaha, uliokubaliwa Umoja wa Mataifa mwaka 2013, unamtaka muuzaji aipime hatari kabla ya kutoa, na aache iwapo hatari hiyo inazidi mengine yote. Anayepima ni muuzaji mwenyewe.

Tarehe 20 Juni 2019 Mahakama ya Rufani ya London ilikata shauri la silaha walizouziwa Wasaudia waliokuwa wakipiga mabomu Yemen. Majaji hawakusema kwamba mawaziri walipima vibaya. Walisema kwamba mawaziri hawakujiuliza hata kidogo kama mashambulio yaliyokwisha pita yalivunja sheria, na kupima bila kujiuliza hilo si kupima. Mawaziri wakarudi mezani. Mwezi wa Julai 2020 walitangaza kwamba wamejiuliza, wameona yaliyotokea kuwa ni mambo ya hapa na pale yasiyo na mtindo mmoja, na vibali vya silaha vikaanza kutolewa tena; na katika miaka hiyo yote Uingereza ilikuwa miongoni mwa watoaji wakubwa wa chakula na dawa kwa watu wa Yemen.